Upande wa Kivuli

Mihayo wa Kidato cha Tatu kaniletea sanduku la viatu,
tundu moja ubavuni, upana wa sarafu ya mia,
ndani kopo la maziwa, ndani ya kopo mbegu moja ya kunde.
"Mwalimu, usilifungue mpaka Jumatatu."
Ofisini panya hawana adabu.
Nikalifunga nyuma ya baiskeli hadi nyumbani, Isevya,
nikaliweka dirishani, chumbani kwa mama.

Mama anatazama.
Tangu Februari kazi yake ni kutazama.
Upande wa kuume umemsusa: mkono, mguu, nusu ya tabasamu,
na maneno humfikia yamechelewa
kama treni ya Kigoma iliyolala Kaliua.

Mkono huo, jamani!
Ndio uliozama mizingani huko porini Ipole,
nyuki wakiuchoma hadi kwenye kiwiko,
na haukurudi mpaka umeshika sega.
Darasani nafundisha kinyume chake:
ukigusa sufuria ya moto
uti wa mgongo haungoji amri ya kichwa,
huvuta mkono kwanza, taarifa baadaye,
kama mgambo anayekamata ndipo aulize.
Lakini mama alituma neno kutoka juu, akauambia uti: tulia.
Tulia, watoto wanadaiwa ada.

Sasa neno linatoka, halifiki.
Daraja limekatika kwa mvua moja ya damu.
Bwana Kasanda wa mazoezi, kutoka Kitete,
alimgonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira:
mguu ukaruka, ukampiga teke la muundi.
Mama akacheka kwa nusu ya uso.
"Goti," akasema,
tukasubiri,
"limejitawala."

Usiku nasahihisha madaftari kando ya kitanda chake.
Swali la nne: kwa nini mche huinama kufuata mwanga?
Ishirini na sita wamejibu: kwa sababu unaupenda.
Nikawakata alama, wino mwekundu, bila huruma.
Si mapenzi. Ni homoni inayoukimbia mwanga
ikajikusanya upande wa kivuli,
na seli za huko hurefuka kuwapita dada zao wa juani,
shina likapinda.
Nilikuwa nasoma kwa sauti; mama hupenda kusomewa, hata madaftari.
Akanishika kwa mkono wa kushoto.
"Basi anayesukuma,"
akameza mate,
"ni yule wa gizani."
Nimeifundisha mada hii miaka kumi na minne.
Sikuwahi kuisikia.

Jumapili, saa ya mchana ambayo bati hulia lenyewe,
nyuki mmoja alipenya pale wavu ulipochanika.
Akauzunguka mto. Akatua juu ya mkono wa kuume
uliolala pale kama mgeni asiyejua ataondoka lini.
Akatembea kidogo. Akachoma.

Mkono ukajikunja! Ukarukia kifuani!
Nikapiga yowe, Mama Wande akaingia na mwiko una ugali bado,
"Nani kafa?"
"Ameuvuta! Mama, umeuvuta!"

Akatikisa kichwa, polepole, kama anayekataa chenji iliyozidi.
"Si mimi. Ni uti."

Nikakaa chini. Nani alimfundisha?
Mimi mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwa madaftari ya watu.
Nikaukwangua mwiba kwa ukucha; ngozi ilianza kuvimba,
nyekundu, ya moto, ngozi ya mtu aliye hai.
Akauangalia mkono wake muda mrefu,
kama mtu aliyebisha hodi tangu Februari
na leo kasikia kikombe kikianguka ndani.
"Kumbe yumo," akasema.

Mama Wande akarudi kwenye ugali wake unaoungua.
Pale dirishani, kwenye tundu la sanduku,
kitu cheupe, chembamba, kimejikunja shingo,
kilikuwa kimeshatoa kichwa nje siku moja kabla ya ruhusa.
Sikukiona mimi. Alikiona mama.
Akauweka mkono wake vizuri juu ya mto, kiganja chini,
akautazama wavu uliochanika.

"Usiushone," akasema.
"Aje mwingine."